Ncha ya Pili ya Shamba

Jumatatu, 30 Septemba

Leo nimevunja chaki kwa hasira kabla saa ya kwanza haijaisha. Darasa la saba, somo la kwanza la jiometri. Niliwauliza mstari ni nini, mmoja akasema ni kile tunachopanga asubuhi bendera inapopandishwa. Wakacheka wote. Nikapiga meza kwa rula kubwa ya ubao mpaka vumbi likatoka kwenye nyufa za mbao. Wananiita Madame Rula. Najua, na sijawahi kukataa.

Kitabu cha programu ni cha Kifaransa, maelezo ninatoa kwa Kiswahili, na wakikwama kabisa ninatupia Kiluba. Nimewachorea vitu vitatu. Mstari hauna mwanzo wala mwisho, unaenda pande zote mbili hata ubao ukiisha. Kipande cha mstari kina ncha mbili, hapa na pale, basi. Nusu-mstari una ncha moja tu, pale unapoanzia, halafu unakwenda mbele bila wa kuuzuia. Huo wa tatu uliwashinda. Nitaurudia.

Jua bado kali. Mvua isipokuja, mji wote wa Kamina unakuwa na hasira, siyo mimi peke yangu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimekuja kijijini kwa Mama kwa baiskeli, kama kila Jumamosi. Kitwa alikuwa ananoa panga mlangoni. Huyu ni mdogo wangu wa mwisho, nilimbeba mgongoni, nikamlea mimi baada ya Baba kufa, na sasa mabega yake yanagusa pande zote mbili za mlango. Shule aliiacha darasa la sita. Alimpiga mwalimu ngumi.

Nilikuwa natayarisha somo, nikachora kwa makaa kwenye sakafu ya jiko, naye akaja kuchuchumaa kando yangu, mimi dada yake anayeniita Yaya.

"Ile yenye ncha moja inaishia wapi, Yaya?"

Nikamwambia haiishii.

"Haiishake hata kidogo? Basi ile njo shamba ya kwetu."

Yaani ndiyo shamba letu. Tulicheka mpaka Mama akatufukuza na sufuria yake ya sombe, majani ya muhogo. Nilimpenda sana saa ile. Nikaendelea kujisifu mbele yake: nikamwambia kwamba ukipata nukta mbili tu, mstari wote tayari upo, hata pale ambapo hujauchora bado. Alilirudia lile jambo mara kadhaa kwa sauti ndogo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bati limepiga kelele usiku kucha na nimelala vizuri.

Jumamosi, 12 Oktoba

Majembe yamekutana.

Niandike polepole. Kwetu mtu anayefungua shamba haulizwi ukubwa. Anaonyeshwa mahali pa kuanzia na mahali pa kuangalia. Babu yetu alisimama na mgongo wake kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, akaambiwa aangalie kule jua linakotokea, akalima. Kila mwaka alisogea mbele na kuiacha ardhi ya nyuma ipumzike. Baba naye akasogea, na sasa Kitwa anasogea. Nyuma kuna kichuguu, mbele ni mbele tu. Miaka yote hiyo mbele yetu palikuwa pori, na ng'ambo ya pori kambi ya wanajeshi.

Wake wa wanajeshi nao wanalima. Wametoka Kasai, wametoka Kivu, wametoka kila mahali. Mume anahamishwa, mke anabaki na watoto na jembe. Mfumu Kaumba, chifu mwenye ardhi ya huku, aliwaonyesha pa kuanzia: kile chuma cha reli ya zamani kilichosimikwa ardhini karibu na kambi. Akawaambia waangalie mnara wa kengele wa kanisa letu. Nao wakalima kuja mbele. Yaani sisi tunawaelekea wao, wao wanatuelekea sisi, na hakuna aliyefikiria siku pori litakapokwisha.

Leo limekwisha. Mama alikuwa anapanda mahindi kule mbele kabisa, akainua kichwa, akaona mwanamke anapanda mahindi amemwelekea. Kila mmoja akamwambia mwenzake arudi nyuma. Mama akamkamata nywele, yule mwanamke akamgonga Mama mdomoni kwa mpini wa jembe. Jino la mbele limetoka lote. Nilipofika Mama alikuwa amekaa chini anatema damu kwenye bakuli, na Kitwa anazunguka nyumba akipiga kuta kwa ngumi.

Mwanamke huyo anaitwa Carine, mke wa mwanajeshi, adjudant Tshimanga, mtu wa Kasai. Sijawahi kumwona na tayari ninamchukia. Nimeosha bakuli mara mbili na bado ninaona damu.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimempiga mtoto wa darasa la saba kofi kwa sababu ya kusahau rula. Sikuwa na sababu nyingine.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kitwa amelipiza kisasi. Alhamisi, wakati Carine yuko sokoni, alikwenda na binamu yetu Hénoch, wakang'oa mihogo yake yote ya mbele, hata ile midogo isiyo na kitu. Mbuzi wake alikuwa amefungwa pale. Kitwa akamkata miguu ya nyuma na kumwacha hai, ili Carine amkute akijikokota.

Alinisimulia akicheka. Nilicheka pia. Mama naye alicheka huku ameziba pengo lake kwa kiganja. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa jikoni kwetu leo, na bukari, ugali wetu, ilikuwa tamu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Hénoch alikuja shuleni kwa pikipiki kuniita. Jana jioni Tshimanga na wenzake walimkamata Kitwa barabarani, wakamlaza kwenye matope, na Tshimanga akampiga kwa mshipi wa jeshi, upande wa chuma. Watu walipita na baiskeli zao wakitazama pembeni. Mgongo hauna ngozi katikati. Nimeuosha kwa maji ya chumvi na Kitwa akauma mkeka. Afadhali angelia.

Nilipomaliza alisema Tshimanga alikuwa anahesabu kwa Lingala. Halafu akaomba panga lake liwekwe karibu na mkeka.

Ninaogopa. Mpaka wiki iliyopita nilikuwa na fahari na mikono ya mdogo wangu, leo ninaiangalia na kuogopa. Wakimrudia tena watamuua, au ataua yeye kwanza, na hapo watamuua vilevile. Sina mdogo mwingine.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya misa Mfumu Kaumba alituita uwanjani kwake, sisi upande huu, watu wa kambi upande ule. Ndipo nilipomwona Carine. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri, mwembamba, ana alama ya kuungua shavuni. Mume wake alisimama nyuma yake na hakuondoa kofia.

Kila mmoja alimuuliza Mfumu alimpa nani ile sehemu ya katikati. Mzee akakuna goti.

"Minyi nilibapa bote fasi ya kuanzia na fasi ya kuangalia," akasema. "Njo vile batata balifanyaka."

Hakuna aliyesema amekosea. Hata mimi sioni alipokosea: aliwapa wote pa kuanzia na pa kuangalia, kama baba zetu walivyofanya siku zote. Nikasimama. Nikasema nusu-mstari mbili zikielekeana hakuna ubaya mpaka zikutane, na zikikutana lazima zipewe mwisho. Nikasema tuvute kamba moja palepale majembe yalipogusana, kutoka kigingi kwenye kijito mpaka kigingi kando ya barabara. Upande huu sisi, upande ule wao, na kila shamba liwe na ncha ya pili. Nilizungumza vizuri. Tshimanga alitikisa kichwa kukubali. Mfumu pia, lakini polepole.

Mama alikataa kabisa. Huku kwetu kamba yenye ncha mbili haivutwi juu ya ardhi ila kwa kazi moja: kumpimia marehemu kaburi, mtu mmoja kichwani, mtu mmoja miguuni. Nilimwambia hii ni jiometri. Alinijibu kwamba kamba ni kamba. Nikamkaripia mbele za watu, mama yangu mwenye pengo, naye akafunika mdomo kwa kanga.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Asubuhi makaburini na mishumaa, mchana kwenye kamba. Mama alisema ningechagua siku nyingine. Siku nyingine nina masomo.

Kamba ni ya nailoni, ya bluu, niliinunua mwenyewe. Nilipigilia kigingi cha kijito, nikawa nahitaji mtu wa kushika ncha nyingine. Wanaume walikuwa wamekunja mikono wanatazamana. Carine akaja akaichukua bila kuulizwa, akatembea nayo mpaka barabarani, akaivuta. Anavuta vizuri, kamba haikulegea hata kidogo. Tulikutana katikati kuikagua.

"Pole ya mama," akasema, bila kuniangalia.

Nikamwambia pole ya mbuzi. Hatukusema zaidi. Lakini nilipanda baiskeli kurudi mjini nikiwa mwepesi, nikijiambia kwamba nimemwokoa Kitwa kwa kamba na vigingi viwili.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua kila siku. Darasa la saba wameelewa nusu-mstari.

Jumamosi, 9 Novemba

Kamba imefanya mambo kuwa mabaya zaidi. Zamani pale katikati palikuwa na fujo, mahindi yetu ndani ya yao, na mtu alipogombana hakujua vizuri anagombania nini. Sasa wanajua. Jani la kiazi likivuka kamba linakatwa. Kuku wa Mama alivuka, akarushwa upande wetu bila kichwa. Hénoch akatupa mawe, mama mmoja wa kambi akapasuka paji la uso. Tangu asubuhi watu wanasimama pande zote mbili, vidole vya miguu kwenye nailoni, wakitukanana mama zao kwa Kiluba, Kiswahili, Tshiluba na Lingala.

Kitwa hatukani. Anakaa kwenye kigingi cha barabara na panga kwenye mapaja, anaangalia tu.

Alhamisi, 14 Novemba

Carine alikuja shuleni. Alinisubiri nje ya darasa mpaka kengele ikalia, wanafunzi wakimkodolea macho. Nilifikiri amekuja kupigana na nilishika rula.

Tshimanga amepelekwa mashariki, vitani, pamoja na kikosi kizima. Waliondoka alfajiri ya Jumanne kwa lori, hakupewa muda hata wa kukunja nguo. Kambi imebaki ya wanawake na watoto. Alisema tangu mume wake aondoke, Kitwa anasimama barabarani kila asubuhi akiangalia nyumba yake. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, pamoja na bustani na jiko lake la nje.

"Madame, mumukamate ndugu yenu," akasema. "Minyi siko na bwana hapa. Niko na batoto na ile shamba, njo vyote."

Niliona kwamba aliyevunja jino la Mama ni mtu anayeogopa kama mimi. Nikamwahidi nitasema naye. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, migumu, yenye nyufa za jembe.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimesema na Kitwa. Alijibu ndiyo, hapana, ndiyo. Alikuwa ananuka lutuku, pombe kali ya kienyeji, tangu asubuhi. Nilipomtafuta mchana nilimkuta amepiga magoti nyuma ya kigingi cha kijito, jicho moja amelifumba, anaangalia kigingi cha barabara na ng'ambo yake. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anajifunza. Nilikuwa na njaa na mvua ilikuwa inakuja, nikaingia ndani.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Paa la darasa la tano limeanguka, hakuna aliyeumia.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekaa jikoni kwa Mama na kalamu, maana nisipoandika nitapiga mtu.

Nilitoka mjini mapema, barabara yote matope, mvua nyembamba isiyokatika. Karibu na shamba letu niliona migomba imelala barabarani. Siyo migomba ya upande wetu, ni ile iliyo ng'ambo, kwenye bustani za kambi. Nilishuka kwenye baiskeli. Migomba ilikuwa imekatwa kwa safu moja iliyonyooka. Nikageuka nyuma nikaona kigingi changu cha barabara, na nyuma yake kamba ya bluu, na mbali kigingi cha kijito, na vyote vilikuwa kwenye safu ileile. Hapo nilielewa, nikaanza kukimbia.

Kitwa alikuwa ameuendeleza. Nilimpa nukta mbili, naye akauendeleza mstari ng'ambo ya barabara, akikata kila alichokikuta upande aliouita wetu. Niliufuata. Mahindi ya magotini, yamefyekwa. Mpapai, umeanguka na matunda yake mabichi. Nguzo ya kuanikia nguo, nguo za watoto kwenye matope. Mbwa mdogo, amekatwa karibu vipande viwili. Mstari haukupinda hata kidogo. Hakuna mwanafunzi wangu anayeweza kuchora hivyo bila rula. Nilikuwa ninakimbia juu yake na kuomba uishe.

Ulipita kwenye pembe ya jiko la Carine. Mti wa pembe ulikuwa umekatwa na nyasi za paa zimeshuka upande mmoja. Ndani ya duara la wanawake, Kitwa alikuwa amelala kifudifudi. Walikuwa wengi, na majembe, na michi ya kutwangia, wamesimama wanahema, wamelowa. Nilimgeuza. Uso haukuwepo. Nilimjua kwa makovu ya mshipi mgongoni, mapya, ya waridi, niliyoyaosha kwa mikono yangu.

Carine alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitenge kuanzia kwenye kiwiko, na kitenge chote kilikuwa chekundu. Kiganja chenyewe kilikuwa chini karibu na mafiga, vidole vimekunjwa, bado kuna unga wa muhogo kwenye kucha. Alikuwa amesimama mlangoni kumzuia asiingie kwa watoto, akainua mkono.

Panga la Kitwa lilikuwa karibu na mguu wangu. Nililiokota. Nilitaka kumwua Carine. Nilitaka kumkata palepale alipokaa, na kila mmoja wa wale wanawake, mpaka niangushwe. Hakuna aliyenizuia, nafikiri walikuwa wamechoka kuua. Carine akainua macho.

"Alisema mustari inapita hapa," akasema. "Alisema weye njo ulimufundisha."

Mkono wangu ulikuwa juu. Nikakaa kwenye matope kati yake na mdogo wangu, na panga likaanguka lenyewe.

Hénoch, aliyekuwa na Kitwa, alikimbia tangu pigo la kwanza. Polisi walikuja mchana, wakaandika, wakaondoka. Carine amepelekwa hospitali kwa pikipiki, amefungwa mgongoni kwa dereva ili asianguke. Kitwa yuko chumbani hapa, kwenye mkeka wake. Mama anaimba kwa Kiluba na haniangalii.

Jumapili, 24 Novemba

Kilio kimejaa watu. Vijana wamekaa nyuma ya nyumba wananoa mapanga, sauti ya mawe haikatiki. Hénoch anawaongoza, yule aliyekimbia. Mvua imesomba kamba na vigingi, hakuna anayejua tena mstari ulipita wapi, isipokuwa mimi. Hénoch alinijia akaniomba niwaonyeshe. Anataka kuchoma nyumba zote zilizo upande wetu, mpaka pale mstari utakapoishia.

Nilimwambia nitafikiri. Sikusema hapana. Ninamchukia Hénoch na ninawachukia wale wanawake, na tumbo langu linataka moto.

Jumatatu, 25 Novemba

Tumemzika.

Walikuwa wameanza kuchimba karibu na Baba, nyuma ya kichuguu. Mama akatoka ndani, akawanyang'anya sepetu, akaniita mimi.

"Leta kamba yako."

Niliikuta imenasa kwenye matete ya kijito, bluu bado. Mama alitembea mbele, kanga kiunoni, mpaka mwisho wa shamba, pale alipovunjwa jino. Akaniuliza mstari ulipita wapi hasa. Nikamwonyesha. Akalala chini kwenye matope mwenyewe, kwa urefu, mgongo kwenye dunia, akasema kaburi liwe hapo, juu ya mstari.

Watu walinung'unika. Kwetu hakuna jembe linalovuka kaburi. Shamba likikutana na kaburi, limefika. Kumzika Kitwa pale ni kusema kwamba ukoo wetu hautasogea tena mbele, sisi wala wajukuu. Mjomba mmoja akamwambia anafunga mlango wa watoto wake. Mama hakuwa anatafuta amani, nilimwona usoni. Alikuwa na hasira kuliko wote.

"Banataka kula shamba? Bakule mpaka kwa mutoto wangu," akasema. "Halafu bamuruke, nione."

Alishika ncha ya kichwani. Mimi nikashika ya miguuni. Nikavuta mpaka kamba ikakaza, tukapima, nikakata kwa panga la Kitwa. Nililia kwa sauti, kwa mdomo wazi, kama sijalia tangu Baba. Mama akaja upande wangu akanipiga kofi, halafu akanishika kichwa akakiweka kifuani, na tukakaa hivyo wakati wanachimba.

Jumanne, 26 Novemba

Hénoch hakungoja jibu langu. Asubuhi nilimkuta barabarani na wenzake, dumu la petroli kwenye baiskeli, ameamua kuchoma kambi yote bila kutafuta upande wa nani. Nilikuwa narudi shuleni, rula kubwa niliyokuja nayo kutayarisha masomo imefungwa kwenye fremu ya baiskeli.

Aliniambia nipishe. Nikamwuliza alikuwa wapi wakati Kitwa anapigwa michi. Akanisukuma, nami nikachomoa rula nikampiga kwa ubavu wake kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu zangu zote. Mfupa ukalia. Nikampiga tena begani, na tena, mpaka rula ikakatika na dumu likamwagika barabarani. Wenzake walirudi nyuma. Hénoch aliangua kilio, mtu mzima, ameshika mkono wake.

Nilisikia raha. Siyo kwa sababu ya watoto wa Carine, ingawa niliwafikiria baadaye. Raha yenyewe ya kupiga. Sasa najua Kitwa aliipata wapi, tulikula sahani moja.

Ijumaa, 29 Novemba

Préfet, mkuu wetu wa shule, ameuliza rula ya shule iko wapi. Nimesema imevunjika.

Jumamosi, 7 Desemba

Mahindi yamefika kiunoni. Mama analima peke yake, na mimi Jumamosi. Udongo wa kaburi bado haujakaa, mvua imeuchimba kidogo upande wa miguuni na nimeongeza.

Adhuhuri Carine alikuja kutoka upande wake. Ametoka hospitali. Mkono wa kulia unaishia kwenye bandeji, pale kilipokuwa kiganja, na jembe amelibana kwapani. Binti yake mkubwa, Hulda, alikuwa nyuma na mbegu za karanga. Carine anajifunza kulima kwa mkono wa kushoto. Anapiga, jembe linageuka, anapiga tena. Alikuwa anakuja mbele, kufa au kupona, kama sisi sote tulivyofundishwa kuja mbele.

Mama alisimama. Mimi nilisimama. Nilijua panga liko wapi.

Carine alifika kwenye kaburi akasimama. Alitazama udongo muda mrefu, halafu akanitazama mimi. Sikumwona akilia, na mimi sikulia. Sijamsamehe, na sidhani yeye amenisamehe mimi. Akapanda karanga ya mwisho hatua moja kabla ya udongo ule, akaifukia kwa mguu, akageuka na kuanza mstari mpya, akilima kurudi kule alikotoka.

Jioni, kabla ya kupanda baiskeli, nilikwenda nyuma ya nyumba nikaegemeza mgongo kichuguuni, nikaangalia mbele kama babu. Unaona mpaka mwisho sasa. Jumatatu darasa la saba wana mtihani, na swali la kwanza nimeliandika tayari: kipande cha mstari ni nini. Nitasahihisha kama kitabu kinavyotaka. Cha kwetu kina ncha mbili. Ya kwanza ni kichuguu cha babu, na ya pili ni Kitwa.